Matairi ya Njia Mbili

Kwa miaka miwili mizima nilikuwa mtu wa kuchagua matairi. Nilikuwa na duka langu la vitenge mjini Tabora, nilikuwa na wajukuu waliokuja kula kwangu kila Ijumaa, lakini ukiniuliza nilikuwa nafanya nini hasa miaka ile, jibu la kweli ni hilo. Nilikuwa nachagua matairi manne ya pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu. Niliyachagua kama mzazi anavyomchagulia bintiye mchumba: kwa kuulizauliza, kwa kulala na kuota, kwa kusema ndiyo asubuhi na hapana ifikapo alasiri.

Sababu ya yote ilikuwa mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Anaishi kijijini na mwanawe mkulima wa tumbaku, mbele ya Sikonge, mahali ambapo unaiacha lami na kuingia msituni kwa njia ya mchanga ambayo mtu wa baiskeli anaishuka zaidi ya anavyoipanda. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mwanzoni alikosea rangi ya nguo. Halafu akaanza kumwaga maji pembeni ya kikombe. Mwisho akagoma kupanda baiskeli wala bodaboda, akaniambia kwenye simu ya mwanawe, "Mimi sipandi kitu nisichokiona kinakokwenda. Ukinitaka mjini kwa madaktari, njoo na gari."

Nikasema nitakuja. Na kweli nilikwenda mara moja, na matairi yaleyale aliyokuwa akitumia mume wangu kwenda Nzega na kurudi. Yalikuwa matairi ya lami, yenye mistari myembamba. Kwenye mchanga wa kwanza tu yakazama. Lori la tumbaku likanivuta kinyumenyume mpaka barabarani, dereva wake akanitazama kuanzia ushungi mpaka viatu, akasema, "Mama, haya matairi ni ya kwendea harusini." Nikageuza gari. Siku hiyo nikajiapiza kwamba sitarudi njia ile bila matairi yanayofaa, na ndipo ulipoanza huo uchaguzi wangu.

Fundi wangu wa matairi alikuwa na kibanda nyuma ya stesheni. Alikuwa Mzaramo, baba yake alikuja Tabora na kazi za reli, akaoa hapahapa, akazikwa hapahapa. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu haukuwa na likizo. Yeye aliniita mpagazi wake, kwa kuwa babu zangu ndio waliobeba mizigo ya misafara kwenda na kurudi pwani. Mimi nilimwita mla nazi, nikamkumbusha kwamba babu zake walikaa kivulini wakipiga ngoma huku wakingoja mizigo hiyo iwafikie. Tukishamaliza kutukanana ndipo ananipa kahawa na tairi la kukalia.

Napenda kusema nilikuwa nakwenda pale kwa biashara. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kuota. Mpira mpya ukiwekwa juani unatoa harufu nzito ambayo kwangu imekuwa harufu ya safari. Nilikaa, nikafumba macho, na yeye akanisimulia. Tairi la lami linanyamaza, halili mafuta, lina breki nzuri kwenye mvua, lakini mchangani ni bure na ubavu wake ni mwembamba; kisiki kimoja cha njia za Sikonge kinauchana. Tairi la kashata, lile la meno makubwa, linakula mchanga na tope jeusi la mbuga, lakini ukilitia kwenye lami linaunguruma mpaka meno yako yanacheza, na lami ikilowa linateleza. Halafu kuna la katikati, la njia zote mbili. Meno yake si makubwa wala si madogo, yamepangwa karibukaribu yasipige kelele, na ubavu umetiwa nguo ya ndani iliyo imara. "Hili halijui sana chochote," alisema fundi, "ila halishindwi na chochote. Linafanana na mimi."

"Basi silitaki," nikamjibu, na mchana mwingine ukapita hivyo.

Nikitoka pale niliendelea kuulizia. Shemeji yangu akasema niweke kashata, lami nitaivumilia. Dereva wa basi la Mpanda akasema niweke ya lami mapya, mchangani nikimbie tu nisisimame. Nilijifunza kusoma zile namba nne za ubavuni zinazosema tairi lilitengenezwa wiki gani na mwaka gani. Nilijifunza kuchomeka kucha kwenye mpira kujua kama umekakamaa. Usingizini niliendesha gari kwenye njia ndefu isiyokuwa na vumbi, katikati ya miti yenye majani mekundu, na mama mdogo pembeni yangu akinionyesha kwa kidole vitu alivyoviona. Niliamka nimefurahi, kama vile nimeshakwenda. Kila wiki mbili nilimpigia simu nikamweleza nilipofikia: haya yana hivi, yale yana vile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya mwanangu, usiwe na haraka."

Sasa naweza kusema. Niliogopa. Sikuogopa mchanga, niliogopa kufika, nikamkuta ananitazama asinione. Mwanamke yule alikuwa akinitambua kwa mbali, kwa mwendo tu, nikiwa katika kundi la wasichana waliotoka kisimani. Matairi yalinipa sababu nzuri ya kutokwenda, tena sababu yenye heshima.

Kisha Oktoba moja likaja tangazo redioni. Madaktari wa macho wangekuwa Tabora wiki moja tu. Mwisho wa kuandikisha wagonjwa ni Alhamisi, saa kumi jioni. Nililisikia Jumanne nikiwa dukani na mita ya kupimia kitenge mkononi. Nikampigia mama mdogo simu ajiandae kwa Alhamisi, na Jumatano asubuhi nilikuwa kwa fundi.

"Mpagazi wangu," alisema, "leo umeamka?"

"Nimeamka, mla nazi. Nifungie yale ya katikati. Yote manne."

Hakuamini. Aliyafunga moja moja, akiligonga kila moja kwa kiganja na kulisikiliza. Alipofika kwenye kujaza upepo, akasimama na mpira wa kompresa mkononi.

"Sikiliza," alisema. "Hapa nakujazia upepo kamili, wa lami. Ukiacha lami, ukauona mchanga mzito, teremka utoe upepo. Toa mpaka tairi liote kitambi. Lakini namwambia nani? Mnyamwezi hajui kupunguza. Babu yako alipewa mzigo mmoja, akauliza wa pili uko wapi."

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. "Na babu yako aliuona mzigo akaomba apewe ngoma," nikamwambia. "Wewe jaza. Nani alishawahi kununua tairi jipya akalitoa upepo?"

Akajaza, huku akitikisa kichwa.

Mtu wa kwingine anaweza kushangaa. Kama maneno yale ningeambiwa na fundi mwingine yeyote, ningeyaandika kwenye kiganja. Lakini mtani akisema, unamrudishia, humtii. Ukimtii umeshindwa, na kesho mji mzima utakuwa na habari. Tena hapa kwetu tairi zuri ni lile gumu, lile ambalo ukilipiga teke mguu ndio unaouma. Nikajua ananichezea ili akanicheke kijiweni kwamba amemdanganya mpagazi akaharibu matairi yake mwenyewe.

Alhamisi niliondoka baada ya sala ya alfajiri. Sijui nieleze vipi ile asubuhi. Lami ilikuwa tupu, na matairi mapya yalikuwa na wimbo wao mdogo, wa chini, ambao baada ya muda sikuusikia tena kwa masikio bali kwa mikono juu ya usukani. Jua lilitoka kushoto kwangu. Msitu ulikuwa umetoa majani mapya kabla ya mvua, mekundu na ya rangi ya shaba, na ukungu mwembamba wa moshi wa warina asali ulikuwa umelala juu ya nyasi. Niliwaza wale babu zangu tunaotaniwa kwa ajili yao. Nilijaribu kuwaona pembeni ya barabara, mmoja nyuma ya mwingine, mzigo begani, wakikanyaga mchanga wa bonde na mawe ya mlima kwa nyayo zilezile, na hakuna aliyewauliza wamevaa nini miguuni. Niliwaona vizuri hata nikapunguza mwendo, kwa adabu. Sikonge nilifika bila kujua nimefikaje.

Niliacha lami. Mchanga wa asubuhi ulikuwa baridi, umeshikana, na gari lilikuwa tupu; nikapita mahali palepale nilipozama zamani kama ninayepita sebuleni kwangu. Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Mla nazi, umeona?"

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa nguo zake za safari, kifurushi mapajani. Alikuwa ameugeuza uso kuelekea mlio wa gari, lakini kidogo pembeni, si pale nilipokuwa. Macho yalikuwa meupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu," akasema. Kwetu hata binti unamwita mama. Akanyoosha mkono, akanipapasa uso kuanzia kipaji mpaka kidevu. "Umenenepa mjini," akasema.

Sikutaka kukawia, lakini huwezi kumtoa mtu nyumbani mikono mitupu. Kaka yangu, yaani mwanawe, alikuwa ameshaandaa mizigo: magunia mawili ya viazi, gunia la karanga, madumu ya asali, jogoo. Nilikataa, wakapakia. Nilikataa tena, wakaongeza maboga. Kaka alibaki na tumbaku yake, kwa kuwa ndiyo kwanza miche ilikuwa kitaluni na haikuwa ya kuachwa. Tukaondoka saa tano, mama mdogo kiti cha mbele, kifurushi bado mapajani.

Saa sita mchanga haukuwa tena ule wa asubuhi. Jua lilikuwa limeulegeza, unatiririka kama unga. Pikapu yangu inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na nyuma ndiko kulikokuwa na viazi na maboga. Nilisikia sauti ya injini ikipanda na gari likishuka. Nikakanyaga mafuta zaidi, na hilo likawa kosa juu ya kosa; matairi magumu yale yalichimba mashimo yao wenyewe mpaka tumbo la gari likakaa chini.

Nilichimba kwa mikono, nikachimba kwa sufuria. Nilikata matawi nikayatandika. Nilishusha maboga, viazi na jogoo. Kila nilipowasha gari, lilisogea kiasi cha hatua moja na kuzama tena. Hakuna simu iliyoshika. Hakuna aliyepita. Mama mdogo alikuwa amekaa kivulini, ametulia kuliko nilivyotaka.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saba na nusu."

"Na wanafunga saa ngapi?"

"Kumi."

Akakivuta kifurushi chake mapajani. Nikaketi kwenye mchanga nikaegemea tairi, nikakasirika na kila mtu aliyewahi kunipa ushauri. Tairi lilikuwa gumu mgongoni, gumu kama jiwe. Na hapo, nikiwa nimekasirika hivyo, nikaisikia sauti ya fundi kama yuko upande wa pili wa gari: toa mpaka tairi liote kitambi. Nikauona uso wake. Alikuwa ameshika mpira wa kompresa, na hakuwa anacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka.

Nilifungua kifuniko cha vali ya tairi la kwanza, nikabonyeza sindano ya ndani kwa kijiti. Upepo ukatoka kwa nguvu, ukanipulizia vumbi usoni. Niliogopa sana. Niliona naua gari lililoniletea mtu wangu.

"Unafanya nini?" mama mdogo aliuliza.

Nikamwambia. Akainuka, akaja kwa kupapasa boneti, akachutama, akaweka viganja viwili kwenye ubavu wa tairi kama anavyomshika mtoto mwenye homa.

"Endelea," alisema. "Endelea. Bado gumu. Bado. Sasa limeanza kulegea... basi, basi, acha!" Kisha akacheka. "Hilo sasa limeshiba. Twende kwenye jingine."

Tulizunguka gari hivyo, mimi na kijiti, yeye na viganja. Jicho langu halikuona tofauti ya tairi na tairi, lakini mikono yake ilizijua zote. La nyuma kushoto alinirudisha mara mbili. Tulipomaliza, matairi yalikuwa yamejitandaza kwenye mchanga, mapana, ya kuchekesha. Niliingia ndani, nikasoma Bismillahi, nikatia gia. Gari lilipanda. Halikuruka wala halikuunguruma; lilitoka tu, polepole, kama mtu anayetoka kitandani. Nilipiga kelele za furaha peke yangu kwenye usukani. Viazi tuliviacha vyote porini, na maboga. Jogoo mama mdogo alikataa kumwacha.

Sikonge fundi wa pancha alitujazia tena upepo, na kuanzia hapo sikumbuki kitu isipokuwa lami. Hospitali tulifika saa kumi imeshapita. Nesi alikuwa amefunga daftari, ameliweka kwapani. Alitutazama, wanawake wawili wenye mchanga mpaka kwenye nyusi, mmoja ameshika jogoo, akaketi tena na kulifungua. Aliliandika jina la mama mdogo chini ya mstari wa mwisho.

Asubuhi yake daktari alimpima. Alikuwa msichana tu, mwenye adabu. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudi la kushoto tena, akakaa nalo muda mrefu. Alisema la kulia ni mtoto wa jicho, atalifanyia upasuaji na mama ataona. La kushoto lilikuwa na presha, na mshipa wake ulikuwa umeshakufa.

"Mngemleta mapema tungeliokoa," alisema kwa upole, akiandika. "Mwaka juzi, hata mwaka jana mwanzoni."

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Watu walipita wakanisalimia, nikawaitikia.

Jicho la kulia lilipona. Bandeji ilipotolewa alinitazama, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, huku na huku, akasema imezeeka bila kumuaga. Alikaa kwangu majuma matatu. Alipika, aligombana na jirani kuhusu jogoo, alikwenda dukani akachagua vitenge kwa rangi. Sikumwambia kwa nini nilichelewa. Kila jioni nilisema nitamwambia kesho.

Siku ya kumrudisha, matairi yalikuwa na wimbo wao uleule, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, msitu wote umegeuka kijani. Mbele kidogo ya Tabora nikagundua anachofanya. Abiria hukaa kushoto kwa dereva. Jicho lake zima lilikuwa upande wangu, na msitu ulikuwa upande wa jicho lililokufa. Kila alipotaka kuona miti alilazimika kugeuza shingo yote, kama ndege, akaona kidogo, akachoka, akarudi. Aligeuka na kurudi, aligeuka na kurudi. Nilihesabu mpaka nikashindwa. Nikasimamisha gari pembeni.

"Mama," nilisema, "lile jicho nimelipofusha mimi. Miaka miwili nilikuwa nakwambia nachagua matairi. Matairi yalikuwepo tangu wiki ya kwanza. Niliogopa kuja kukuona."

Gari kubwa likapita, likatutikisa. Alikuwa bado amegeukia nje, nikawa nauona mgongo wa kilemba chake tu.

"Mimi niliogopa kisu cha daktari," alisema mwisho. "Kila ulipopiga simu ukasema bado hujayapata, nililala vizuri."

Akageuka akanitazama. Sikuwa na mahali pa kuficha uso, kwa hiyo nikaacha anione.